Muhuri wa Fedha Uko Wapi?

Msimu wa arusi ukikaribia, boti zitokazo Dar es Salaam hushusha bandarini Unguja mizigo ya kina mama waliokwenda kununua mahitaji. Ndani ya mikoba, pamoja na doti za kanga na chupa za manukato, hutoka vijisanduku vya karatasi ngumu vyenye bangili, vipuli na mikufu iliyonunuliwa Kariakoo kwa jina la fedha. Siku ya arusi vitu hivyo humeta kama inavyotakiwa. Baada ya wiki mbili tatu, kwa jasho na kwa hewa yetu ya chumvi, mkono wa bibi arusi huingia rangi ya kijani, na bangili ikikwaruzwa kwa ncha ya kisu huonyesha shaba iliyojificha chini. Malalamiko ya namna hii tumeyasikia Unguja na Pemba, tena si mara moja, hata tukaona si vyema kuyaacha yaishie barazani.

Kabla ya kumlaumu yeyote tunapenda wasomaji wetu na wahusika Serikalini waielewe biashara hii ilivyo. Katikati ya jiji la Dar es Salaam, hasa katika Mtaa wa Indira Gandhi, ndiko yaliko maduka ya masonara yenye vioo na taa kali. Humo dhahabu ndiyo inayopewa kiti cha mbele. Fedha huwekwa pembeni katika trei ndogo, kama mgeni asiyealikwa. Ukivuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo mambo hugeuka. Kuanzia Msimbazi hadi Mtaa wa Congo mapambo huuzwa kwa dazeni, kwa mifuko, na pengine kwa kilo. Karibu yote hutoka viwandani ng'ambo, na muuzaji mwenyewe, ukimuuliza yametengenezwa kwa madini gani, hukujibu kwa jina la nchi badala ya jina la madini.

Walakini kati ya dunia hizo mbili imo ya tatu ambayo mpita njia haioni kwa urahisi. Nyuma ya maduka ya nguo, chini ya ngazi, au katika chumba cha uani kilichogawanywa kwa mbao, wamo mafundi wanaofua fedha kwa mikono yao. Baadhi yao ni vijana wa Visiwani. Meza ni moja, kiti ni kimoja, na mtungi wa gesi uko miguuni. Hapo ndipo aghalabu mama aliyepata hasara hupelekwa na jamaa zake, akiwa na bangili yake iliyobadilika rangi, na hapo ndipo huambiwa kwa upole: "Mama, hii si fedha. Hii ni shaba iliyovishwa nguo."

Nguo yenyewe ni nyepesi mno. Pambo la shaba au la bati hutumbukizwa katika maji ya dawa yenye fedha, na kwa nguvu za umeme hupata ngozi iliyo nyembamba mara nyingi kuliko unywele wa binadamu. Lipo na lile liitwalo fedha ya Kijerumani, ambalo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki na halina fedha hata chembe. Jina lake tu limetosha kuwapoteza wengi. Tena nikeli ina tabia ya kuwawasha na kuwatoa vipele watu wenye ngozi isiyoipatana nayo. Hatusemi kuwa ni haramu kuuza pambo la shaba. Mtoto wa shule apendaye kipuli cha rangi na akanunue kwa elfu mbili, hana neno. Linalotukera ni kuiita shaba fedha, na kumtoza mtu bei iliyo nusu kwa nusu baina ya ukweli na uongo, ili aone amepata rahisi na asishuku kuwa amedanganywa.

Kazi ya fundi wa kweli ina jasho jingine. Fedha safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 961 hivi za sentigredi, lakini ikiwa safi mno huwa laini na pete hupinda kidoleni. Kwa hiyo fundi huipima kwa mizani na kuichanganya na shaba kidogo. Kiwango kinachokubaliwa katika nchi nyingi ni sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na 75 zilizobaki ni shaba. Huimimina katika kalibu, huipiga juu ya fuawe, na kila ikikakamaa huirudisha motoni ilegee, kisha huipiga tena. Akitaka uzi huipitisha katika matundu ya chamburo, kutoka tundu kubwa hadi dogo, mpaka apate uzi mwembamba kama wa kushonea. Kwa uzi huo ndipo hufanya temsi, ile kazi ya kusokota na kupanga nyuzi za fedha mfano wa utando wa buibui, ambayo bibi zetu waliithamini kuliko kito. Kila kiungo hukilehemu peke yake. Moto ukizidi kwa kupepesa jicho, kazi ya siku mbili inayeyuka na kuwa tone. Baadaye huja tindikali ya kusafishia, tupa, na kung'arisha. Vumbi la tupa halitupwi. Hukusanywa katika ngozi au kitambaa kilichotandazwa mapajani, na mwisho wa mwezi huyeyushwa upya, kwani faida ya mwezi mzima pengine imo mle.

Ni wajibu wetu pia kuwakumbusha vijana kwamba ufundi huu haukuletwa jana na watalii. Katika lugha yetu neno fedha ni madini na ni pesa kwa pamoja, na hata Wizara inayokusanya kodi ya fundi huyu inaitwa kwa jina la kitu anachokifua. Hapakuwa na upambanuzi, kwa kuwa riyali ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 usobadilika hata ilipogongwa karne iliyofuata, ilikuwa sarafu sokoni na malighafi kwa sonara. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha sehemu 833 katika 1,000, yaani gramu 23.4 za fedha safi. Rupia ya Uhindi, iliyotumika Unguja hadi ilipobadilishwa kwa shilingi ya Afrika ya Mashariki mwaka 1936, ilikuwa bora zaidi kwa usafi. Mwanamke aliyepata riyali chache alizipeleka kwa sonara zikawa furungu za mguuni, kekee za mkononi, kidani cha kifuani, au mrashi wa kunyunyizia marashi. Njaa ikiingia, au mtoto akiugua, furungu zilirudi kwa sonara na kuwa pesa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yake. Haikuwa na karani wala haikumtaka saini ya mume.

Hesabu hiyo ilisimama juu ya jambo moja tu: kwamba sonara na mwanamke walijua kwa hakika kilichomo ndani ya pambo, kwa sababu sarafu iliyoingia kalibuni ilijulikana. Shilingi iliyotolewa kuanzia 1921 ilikuwa na fedha robo tu, na miaka ya 1940 ilipokuwa ikiishia hata robo hiyo iliondolewa. Tangu hapo sonara amelazimika kutafuta fedha yake penginepo, na mteja amelazimika kumsadiki kwa mdomo. Kisha masonara wengi wakaondoka, Visiwani baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na Bara baada ya sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000/=. Sababu za mambo hayo zimeandikwa na wengine. Sisi tunataja tu matokeo yake katika ufundi huu: waalimu walipungua kabla wanafunzi hawajakomaa.

Leo fundi kijana wa Kariakoo anakutana na taabu ambayo bibi zake hawakuijua, nayo ni bei ya dunia. Mwezi Januari 1980 fedha ilipanda hadi karibu dola 50 kwa wakia moja ya gramu 31.1, kisha ikaanguka vibaya. Ilichukua miaka 45, hadi Oktoba 2025, kuivuka alama hiyo. Kwa bei ya dola 50, pete ya kiume ya gramu 8 hubeba fedha yenye thamani ya karibu Sh. 30,000/= kabla fundi hajawasha moto. Akiiuza Sh. 70,000/= ataambiwa ni mwizi, kwani mlango wa pili ipo pete inayometa vile vile kwa elfu tatu. Na pete ya kiume kwetu si jambo dogo: Mwislamu mwanamume hakuruhusiwa dhahabu, fedha ameruhusiwa, kwa hiyo mnunuzi huyu yupo, anahitaji, na anataka fedha yenyewe.

Tazama sasa jinsi kodi inavyomkuta fundi. Kwa utaratibu wa makadirio wa Bara, mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Sh. milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Kipimo hicho kilikusudiwa kuwalinda wadogo, na tunakisifu. Lakini kinapima mauzo, hakipimi kinachobaki mkononi. Muuza mihogo ya kukaanga na mfua fedha huwekwa katika kapu moja. Fundi wetu akiuza pete 60 kwa mwaka, yaani 5 tu kwa mwezi, amekwisha kuvuka milioni 4, ilhali karibu nusu ya pesa hizo ni thamani ya madini yaliyopita mikononi mwake kama maji. Ndiyo maana mafundi wengi hupendelea mteja aje na fedha yake mwenyewe, bangili kuukuu au mkufu uliokatika, wao watozwe kwa ujira tu. Na ndiyo maana wengine hawataki kabisa kuonekana. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 kwa kulalamikia makadirio na ukaguzi, sauti zilizosikika zilikuwa za wenye maghala ya bidhaa za nje. Hatukusikia mtu aliyesema habari za mwenye fuawe.

Sheria zetu za madini nazo, ile ya mwaka 2010 pamoja na marekebisho ya 2017, zimetungwa kwa kumtazama mchimbaji, mnunuzi na mwenye mgodi. Zimefanya kazi kubwa. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yamewapatia wachimbaji wadogo mahali pa kupimiwa na kulipwa kwa haki, na mle ndani zimo mashine zinazotambua kwa mionzi, kwa muda wa dakika chache na bila ya kukichubua kitu, ni sehemu ngapi za dhahabu, fedha au shaba zilizomo. Mashine ya aina hiyo haijui kwamba ilinunuliwa kwa ajili ya dhahabu ya Geita. Ukiiwekea bangili ya mama wa Chake Chake itaipima vile vile.

Hapo ndipo lilipo ombi letu la kwanza kwa wahusika. Pawekwe Dar es Salaam, mahali panapofikika kwa miguu kutoka Kariakoo, meza moja ya kupimia vitu vya fedha, walau siku moja kwa wiki, kwa ada ndogo. Fundi apeleke kazi yake kabla ya kuiuza. Ikitimia kiwango igongwe muhuri wa dola wenye namba ya kiwango na alama ya fundi. Isipotimia arudishiwe akayeyushe upya. Jambo hili si geni duniani. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1300, enzi za Mfalme Edward wa Kwanza, kwamba chombo cha fedha kisitoke mkononi mwa fundi mpaka kigongwe alama ya kichwa cha chui. India, ambako masonara wetu wengi walirithi ufundi wao, imefanya muhuri wa dhahabu kuwa wa lazima kuanzia Juni 2021, ikianzia katika baadhi ya wilaya. Sisi katika pita pita zetu zote za Kariakoo hatujapata kuona pete ya fedha iliyofuliwa nchini yenye muhuri wa Serikali. Namba 925 tumeiona mara nyingi, lakini imegongwa hata juu ya shaba, kwa sababu anayeigonga haulizwi na mtu.

Watakuwapo maofisa watakaosema kuwa kazi hii ni ya Shirika la Viwango, wengine watasema ni ya Wakala wa Vipimo, wengine Tume ya Madini. Upande wa Visiwani itatajwa Taasisi ya Viwango Zanzibar. Tunajua pia kwamba swali la nani ana mamlaka gani, likivuka bahari, huchukua miaka. Kwa hiyo tunasema mapema: muhuri utakaogongwa Dar es Salaam ukikataliwa Unguja, au wa Unguja ukikataliwa Kariakoo, ni afadhali usiwepo. Fundi wa kwetu anayenunua madini Bara, akafulia Mji Mkongwe na kurudisha bidhaa Kariakoo, amechoka kueleza kitu kile kile katika kila lango. Shirika la Viwango la Tanzania lilianzishwa mwaka 1975, lile la Zanzibar mwaka 2011. Hawa si wageni kwa wenzao. Wakae siku moja, wakubaliane alama moja.

La kodi tumelidokeza. Tunashauri fundi anayefua kwa mkono, na ambaye kazi yake imepita katika meza ya kupimia, ahesabiwe mauzo yake kwa ujira, thamani ya madini ikiondolewa kwa uzito ulioandikwa katika hati ya kipimo. Hazina haitapoteza kitu chochote cha maana, kwani kwa hali ilivyo fundi huyu hajiandikishi kabisa. Atajiandikisha akiona kuwa uzito ulioandikwa unamtetea.

Baada ya kuwaambia wakubwa, haitakuwa haki tukiwasamehe mafundi wenyewe. Wapo wanaozidisha shaba kalibuni, tena kwa makusudi, wakijua mteja hana mizani ya kumbaini. Wapo wanaochukua fedha ya mteja gramu 40 na kumrudishia pambo la gramu 31, na ukiuliza zilikokwenda gramu 9 huambiwa zimeliwa na moto. Moto hula, hatukatai, lakini haushibi kiasi hicho. Fundi mwaminifu hupima mbele ya mteja kabla na baada, na humwonyesha hata vumbi la tupa. Tena tumesikitika kuona michoro. Kijana mwenye mkono mwepesi wa kuweza kufanya temsi hukaa akinakili bangili ya Dubai kutoka kwenye simu, mstari kwa mstari, wakati kekee ya bibi yake imo kabatini na hakuwahi kuigeuza kutazama upande wa ndani. Kwa kunakili hawezi kumshinda kiwanda. Kiwanda kitanakili haraka kuliko yeye. Wenzetu wa Lamu waliokota vigae vya sahani za zamani za Kichina, wakavichonga na kuvizungushia fedha vikawa pete, na leo pete hizo zinajulikana kuwa ni za Lamu na si za kwingine. Hakuna aliyewafundisha hayo isipokuwa macho yao.

Juu ya mafunzo, kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha, kinachofundisha ukataji na ung'arishaji wa vito. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na Visiwani ipo SMIDA. Tungependa kuona vijana wachache wa Unguja, Pemba na Mafia wakipelekwa Arusha wakajifunze kuketisha kito juu ya fedha, ili tanzanaiti yetu isisafiri mbichi na kurudi ikiwa imevaa pete ya watu. Hata hivyo tusidanganyane: temsi haifundishwi kwa ubao na chaki. Inafundishwa na mzee aliyekaa kwenye kigoda, na wazee hao, mjini Unguja na Dar es Salaam, wanahesabika kwa vidole. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri za Bara hupewa zaidi vikundi vya wanawake na vijana. Mzee wa miaka 70 mwenye mwanafunzi mmoja hana kikundi. Kama ipo njia ya kumlipa mzee huyo posho ndogo kwa kila mwanafunzi atakayemfikisha kwenye meza ya kupimia na kazi yake ikapita, basi fedha hiyo itakuwa imetumika vizuri kuliko kuandaa semina mbili za siku tatu hotelini.

Kwa kina mama wanaojiandaa na safari ya Kariakoo mwezi huu, huku tukiwasubiri wakubwa, tunawapa shauri la muda. Chukueni sumaku ndogo. Ikinasa, hiyo si fedha, ingawa isiponasa haimaanishi kuwa ni fedha, kwani shaba nayo hainaswi. Mwombeni muuzaji aandike katika risiti neno fedha, kiwango chake, na uzito kwa gramu. Akikataa kuandika, jibu mmelipata bila ya mashine. Na kama ndani ya kasha la nyumbani mna furungu moja iliyobaki peke yake baada ya mwenzake kupotea, msiiuze kwa bei ya chuma chakavu kwa wapitaji wa mitaani wanaonunua kwa kilo.

Muhuri wenyewe tunaouzungumzia ni kipande cha chuma cha pua, urefu wake haufiki kidole, na huchongwa kwa siku moja. Tutafurahi kuchapisha katika safu hii jina la ofisi itakayokuwa ya kwanza kukubali kuutunza katika sanduku lake.